Kiputo cha Maneno na Msomaji Mhaya

Katika Kihaya, kitenzi okushoma hubeba maana ya kusoma na pia ya kusali. Tangu misheni ya Kashozi ilipoanzishwa mwaka 1892, shule na kanisa zilikua pamoja Bukoba. Hadithi za picha za Kikatoliki, mathalani zile za Treasure Chest zilizotolewa Marekani kwa watoto wa shule kuanzia 1946 hadi 1972, hudai lugha ya namna nyingine: maneno ya kwenye kiputo husemwa na mhusika, hayahubiriwi. Mfasiri anayemlenga mtoto wa Muleba hana budi kuchagua. Mtakatifu akinena, “Ewe mwanangu, enenda,” mtoto atasikia mimbari. Akisema, “Nenda, mwanangu,” atamsikia mzazi. Sarufi ni sahihi kotekote. Kinachotofautiana ni rejesta, jambo ambalo wafasiri wa vitabu vya dini hulipuuza mno.