Ufahamu: Nondo Zilizorudi Ukutani

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. (Alama 15)

Tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni, ardhi ilitetemeka kusini mwa Haiti. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, takriban kilomita 25 magharibi mwa Port-au-Prince, mji mkuu. Kwa muda usiotimia dakika moja, nyumba, shule, hospitali na hata ikulu ziliporomoka. Maelfu kwa maelfu ya watu walifariki, na zaidi ya milioni moja wakabaki bila makao.

Kazi ilianza usiku ule ule. Watu walichimbua vifusi kwa mikono na nyundo wakiwatafuta jamaa zao. Siku chache baadaye, wanawake wachuuzi, ambao huko huitwa Madan Sara, walikuwa tayari wakileta mazao kutoka mashambani na kuyauza kando ya barabara. Njaa haingoji matanga yaishe.

Kifusi kilikadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 10. Malori hayakuweza kupenya vichochoro vya mitaa ya mlimani, hivyo mizigo iliteremshwa kwa ndoo na toroli. Mashirika ya misaada yaliwaajiri wakazi wenyewe, wake kwa waume, kwa malipo ya takriban dola 5 kwa siku. Makundi yalibadilishwa kila baada ya wiki chache ili wengi wapate riziki. Njia zilifunguka, na waliopoteza kila kitu wakashika pesa mkononi. Hata hivyo, kibarua kilipokwisha, mtu alirudi hemani bila ufundi wowote mpya.

Wakati huo huo, wahandisi chini ya wizara inayosimamia ujenzi walipita mtaa hadi mtaa wakikagua majengo zaidi ya 400,000. Kila jengo lilitiwa alama ya rangi: kijani ikiwa ni salama, manjano ikiwa lahitaji kukarabatiwa kwanza, na nyekundu ikiwa ni hatari kuingia. Zaidi ya nusu yalipata kijani. Pamoja na hayo, baadhi ya wenye nyumba za kijani waliendelea kulala nje. Rangi ya ukutani haikutosha kuondoa hofu moyoni.

Lakini kazi iliyobeba hatima ya mji ilikuwa ya vijana waliovunja zege kwa nyundo, wakachomoa nondo, wakazinyoosha na kuziuza. Kwa kijana, nondo ile ilikuwa chakula cha jioni. Kwa mwenye nyumba asiye na kitu, ilikuwa nafuu kuliko mpya. Tatizo ni kwamba nondo iliyokunjika ikanyooshwa hupungua nguvu. Isitoshe, nyingi zilikuwa laini, hazina mistari ya kushika zege, na zege lenyewe lilikuwa limechanganywa kwa saruji kidogo na mchanga duni. Kwa hivyo, nondo zilizoshindwa kuisimamisha nyumba ya kwanza zilikuwa zikirudi katika kuta za nyumba ya pili.

Baadaye waashi wengi walipewa mafunzo: kipimo cha saruji na mchanga, namna ya kufunga nondo za nguzo na za boriti, na umuhimu wa kuzifunga kuta pamoja. Mafunzo hayo yalifaa, ila mwashi anayejua kazi yake bado hukutana na mteja mwenye pesa za nusu ya saruji inayohitajika. Akikataa, analala njaa. Akikubali, anajenga kaburi.

Tarehe 27 Februari mwaka huo huo, Chile ilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, lenye nguvu mara nyingi kuliko la Haiti. Waliofariki walikuwa takriban 500. Sababu moja kuu ni kwamba Chile ilikuwa na sheria kali za ujenzi, na sheria hizo zilifuatwa. Mwashi wa huko hakuachwa peke yake na mteja wake.

MASWALI

1. Taja kazi nne zilizofanywa mjini Port-au-Prince baada ya tetemeko. (alama 4)
2. Eleza manufaa mawili na upungufu mmoja wa vibarua vya kuondoa kifusi. (alama 3)
3. "Njaa haingoji matanga yaishe." Fafanua kauli hii kwa mujibu wa kifungu. (alama 2)
4. Kwa nini mwandishi anailinganisha Haiti na Chile? (alama 2)
5. Je, mwandishi anamlaumu kijana anayeuza nondo? Thibitisha. (alama 2)
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) kitovu (b) vichochoro. (alama 2)

MWONGOZO WA MAJIBU

Swali la 2: Manufaa ni kupata pesa na kufunguka kwa njia. Upungufu ni kutopata ufundi mpya. Usiandike "kazi ilikuwa ngumu". Kifungu hakisemi hivyo.

Swali la 4: Kuonyesha kwamba ukubwa wa tetemeko pekee hauamui idadi ya vifo, ubora wa majengo na utekelezaji wa sheria huchangia pakubwa. Anayenakili tarehe na takwimu bila kueleza zinathibitisha nini hupoteza alama.

Swali la 5: Hili huwakwaza wengi kwa sababu jibu halijaandikwa waziwazi. La, hamlaumu. Anaonyesha kwamba kijana alisukumwa na njaa na mnunuzi na umaskini. Lawama inaelekezwa kwenye ukosefu wa sheria zinazofuatwa, na ushahidi wake ni sentensi ya mwisho ya kifungu. Ukiulizwa kuhusu msimamo wa mwandishi, tazama anamwonea nani huruma, kisha utazame anamalizia wapi.

Swali la 6: (a) mahali ambapo tetemeko lilianzia, (b) njia nyembamba kati ya nyumba.

Sasa jibu maswali ya 1 na 3 peke yako, kwa maneno yako mwenyewe.