Kipigo cha Nyumbani: Nani Atatusaidia Kupona?



Sisi wauguzi tumezoea kulisafisha jeraha, kulishona na kulifunga bandeji. Lakini yuko mama anayerudi wodini mara ya tatu katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza alisema ameangukiwa na mzigo wa kuni. Mara ya pili aliteleza kisimani. Mara ya tatu hasemi kitu, anatazama ukuta tu. Mkono wake umeunga vizuri, lakini usiku halali, chakula hakimpiti kooni, na mlango ukifunguliwa kwa nguvu anatetemeka. Huyu ana jeraha ambalo sindano yetu haikulifikia. Leo tujifunze jeraha hilo linatibiwaje, na ni nani anayefaa kulitibu.

Si tatizo la nyumba moja

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 40 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Kwa walioolewa, mara nyingi aliyeutenda ni mume.

Huku kwetu tuliyaona hayo vijijini na kambini pia. Kambi ya Mtendeli ilipokea Warundi katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena Januari 2016, na ikafungwa Desemba 2021. Mwezi Oktoba 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa kambi za magharibi mwa Tanzania. Ilieleza kwamba mama aliyepigwa mara nyingi alipelekwa mbele ya wazee, abashingantahe, kesi ikamalizwa kwa kupatanishwa, naye akarudi kwenye nyumba ile ile. Wenyeji wa Kibondo na Kasulu tusiwacheke. Hata kwetu huambiwa, "Vumilia, ndiyo ndoa."

Kwa nini mazungumzo yanaponya

Mtu aliyeishi na hofu kwa miaka, mwili wake ni kama mlinzi asiyepokelewa zamu. Hata adui akiondoka, yeye bado anakesha. Ndiyo maana mama anaumwa kichwa na tumbo, vipimo vyote vikirudi salama. Tena anaamini kosa ni lake: angepika mapema, angenyamaza, asingepigwa.

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza hatua tatu za kupona. Kwanza ni usalama. Pili ni kuyasimulia yaliyotokea na kuyaomboleza. Tatu ni kurudi katika maisha na watu. Mshauri mzuri haanzi na hatua ya pili. Swali lake la kwanza ni hili: "Leo usiku utalala wapi, na je, ni salama?"

Si lazima awe na digrii

Wengi hukata tamaa wakisema, "Wanasaikolojia wako mjini, sisi tutampata wapi?" Tutazame ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Kongo mashariki kwa wanawake 405 wa vijiji 15, waliotendewa ukatili wa kingono. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walikutana kwa vikundi, wakafundishwa kuyachunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la "kosa ni langu". Waliowaongoza walikuwa wasaidizi wa huko huko, waliofunzwa na kusimamiwa. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 kwenye vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine.

Hata hapa Kasulu, katika kambi ya Nyarugusu, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani walijaribu mpango ulioitwa Nguvu. Wanawake wa Kikongo waliopigwa na waume au wenzi wao walikutana kwa vikundi mara 8, wakiongozwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa. Kwa hiyo tuulize zaidi kama mtu amefunzwa, ana msimamizi, na anatunza siri.

Pa kuanzia

1. Zahanati au hospitali. Mwombe muuguzi nafasi ya faragha, umwambie ukweli. Baadhi ya hospitali zina washauri nasaha, wauguzi wa afya ya akili, au Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo tiba, ushauri na polisi hupatikana mahali pamoja.
2. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya.
3. Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Hapo hupatikana pia PF3. Lakini aliyeumia vibaya aletwe hospitali kwanza.

Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo.

Namna ya kumpima mshauri

Mshauri anayefaa husikiliza, anaamini, hana haraka, na anakuachia uamuzi wako. Hutumia lugha unayoielewa. Kiha na Kirundi husikilizana, lakini Mkongo atahitaji Kiswahili au lugha ya kwao. Mkalimani asiwe jirani, ndugu wa mume, wala mtoto wako. Mtoto asibebeshwe maneno hayo.

Mkimbie mshauri anayeuliza, "Ulimfanya nini hata akakupiga?" Mkimbie anayesimulia habari za wengine, maana kesho atasimulia zako. Mkimbie anayelazimisha useme yote siku ya kwanza. Na anayetaka kuwaketisha mke na mume pamoja wakati kipigo kinaendelea, mkatalie. Mama atasema nini pale, akijua jioni watarudi wawili tu nyumbani? Ukimkosa mzuri mara ya kwanza, tafuta mwingine. Kosa si lako.

Wako pia wanaume wanaopigwa, nao huficha kwa aibu. Haya yote ni yao vilevile.

Padre, wazee na jumuiya

Waamini wengi hukimbilia kwanza kwa padre, katekista au mwenyekiti wa jumuiya. Ni vema, lakini tusimtwishe mtu msalaba ambao Mungu hakumpa. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vibaya, yeye au watoto, rohoni au mwilini. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2016 kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa lazima. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mke, wala mke mume.

Nasi wauguzi tujikosoe. Mara ngapi tuliandika "ameanguka" kwenye kadi, tukijua fika hakuanguka? Tulimfunga bandeji, tukamruhusu aende, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Yule mama aliyetazama ukuta alizungumza siku muuguzi mmoja alipoketi kando ya kitanda na kumwambia polepole, "Mama, sikuja na dawa. Nimekuja kukusikiliza." Alilia kwanza, muda mrefu. Kisha akaanza kusema.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Mama akija usiku kwenye mlango wetu, tutamlaza wapi?
2. Katika kijiji chetu ni nani anayejulikana kwa kutunza siri? Amewahi kupata mafunzo?
3. Ni maneno gani tunayowaambia waliopigwa, ambayo tunapaswa kuyaacha?