Kumfahamu Jirani Mwislamu: Anthropolojia Inatufundisha Nini?

Frateri anayetumwa kwa mwaka wa uchungaji Tanga, Kilwa au Lamu mara nyingi huenda akiwa na daftari lililojaa. Anazijua nguzo tano za Uislamu: shahada, sala, zaka, saumu na hija. Anajua kwamba Kurani ina sura 114. Kisha anakutana na watu. Jirani wa kwanza hasali sala zote tano, lakini Ramadhani ikifika hakosi kufunga hata siku moja. Jirani wa pili husomesha maulidi nyumbani kwake kila mwaka. Wa tatu, ndugu wa yule wa pili, hahudhurii maulidi hayo, kwa sababu anasema ni bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini.

Frateri wetu anajiuliza: yupi kati yao ni Mwislamu wa kweli? Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba si kazi yake kulijibu swali hilo, na kwamba lipo swali jingine litakalomsaidia zaidi katika utume wake.

Njia mbili za kujifunza

Dini ya jirani tunaweza kujifunza kwa njia mbili. Ya kwanza huanzia kwenye maandiko: Kurani, Hadithi na vitabu vya sheria. Njia hii ni ya lazima, wala hatuwezi kuiruka. Ya pili huanzia barazani, jikoni, msikitini na msibani. Hii ndiyo njia ya anthropolojia, elimu inayomchunguza binadamu katika jamii na utamaduni wake. Mtafiti hukaa na watu kwa muda mrefu, hujifunza lugha yao, hula nao na kuwasikiliza. Swali lake ni hili: watu hawa wanaiishije dini yao, na wao wenyewe wanaielezaje?

Uislamu mmoja au mwingi?

Mwaka 1968 Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa kitabu kilicholinganisha Uislamu wa Moroko na ule wa Indonesia. Kitabu kitakatifu ni kimoja na kibla ni kimoja, lakini alikuta sura mbili tofauti za mtu mtakatifu: Moroko ni mtu wa nguvu na mapambano, Indonesia ni mtu wa utulivu na ukimya wa ndani.

Mmisri Abdul Hamid el-Zein, aliyefanya utafiti Lamu, alikwenda mbali zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1977 alidai kwamba mtafiti hawezi kuanza na Uislamu mmoja uliokwisha kufafanuliwa. Kila jamii ina namna yake ya kuuelewa, na Uislamu wa mwanachuoni hauna haki ya kuudharau ule wa mvuvi.

Wazo hili lina faida, kwa kuwa linatuzuia kuiita imani ya watu wa kawaida ushirikina tu. Hata hivyo lina kasoro. Mwulize Mwislamu yeyote, atakuambia kwamba Uislamu ni mmoja. Tukisema upo mwingi, tumeacha kumsikiliza yule tuliyedai kumsikiliza.

Talal Asad alijaribu kulitatua tatizo hilo mwaka 1986, katika insha iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo cha Wajesuiti mjini Washington. Alishauri tuanze pale Waislamu wenyewe wanapoanzia, yaani kwenye Kurani na Hadithi, na tuutazame Uislamu kama mapokeo yanayojadiliwa. Waumini wa leo huuliza: wazee wetu walifanyaje, sisi tufanyeje sasa, na watoto wetu tuwarithishe nini? Hubishana juu ya majibu, lakini hubishana wakiwa ndani ya nyumba moja. Kwa mtazamo huu, mabishano si dalili kwamba dini imevunjika. Ni mojawapo ya njia ambazo dini huendelea kuishi.

Mfano wa Lamu

Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Lamu, el-Zein alieleza habari za Habib Saleh, sharifu aliyetoka Komoro akahamia mji huo katika karne ya 19. Habib Saleh aliwafundisha dini watu wa hali ya chini, wakiwemo waliotoka katika utumwa, na maulidi yenye ngoma na matari yakapata nafasi kubwa katika Msikiti wa Riyadha. Baadhi ya waungwana wa mji hawakupendezwa. Hata leo wapo Waislamu wanaoyakataa maulidi ya namna hiyo, na wapo maelfu wanaosafiri kwenda Lamu kuyahudhuria.

Tuangalie vizuri kilichokuwa kikibishaniwa. Lilikuwepo swali la dini: Mtume aheshimiwe namna gani? Ndani yake lilikuwepo pia swali la heshima ya binadamu: je, mtoto wa mtumwa anaweza kusoma elimu ya dini na kukaa safu moja na muungwana? Anayesoma vitabu vya sheria tu atalikuta swali la kwanza. La pili huonekana kwa anayeyajua maisha ya watu.

Sasa turudi kwa majirani wetu wawili. Anayesomesha maulidi anasema anampenda Mtume. Anayekataa naye anasema anampenda Mtume, ndiyo maana haongezi kitu ambacho Mtume hakukifanya. Frateri akilitambua hilo, hatasema tena kwamba mmoja ni wa dini na mwingine ni wa mila.

Kujengwa na kupungukiwa

Saba Mahmood, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alieleza maisha ya wanawake waliokusanyika misikitini jijini Cairo kujifunza dini. Wengi wetu hudhani kwamba mtu husali au hujistiri kwa sababu moyo wake tayari ni mnyenyekevu. Wanawake hao walieleza kinyume chake: wanasali na kujistiri ili moyo upate kuwa mnyenyekevu. Mwili huufundisha moyo. Mahmood alitumia wazo la Aristotle kwamba tabia njema hujengeka kwa mazoezi. Waseminari wanaosoma mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya fadhila watalitambua wazo hilo mara moja.

Samuli Schielke naye, mwaka 2009, aliandika juu ya vijana wa kijiji kimoja cha Misri katika Ramadhani. Walifunga, walisali, na jioni kabla ya kufuturu walicheza mpira. Mwezi ulipokwisha, wengi walirudia maisha yao ya awali. Schielke hakuwaita wanafiki. Aliona watu wanaotamani wema, lakini wanavutwa pia na mengine mengi.

Je, parokia zetu ni tofauti? Jumatano ya Majivu kanisa hujaa, na Jumapili chache baadaye mabenchi huonekana wazi. Tujihadhari na kosa la kulinganisha Katekisimu yetu na mtaa wao. Kama ni kulinganisha, tulinganishe mafundisho na mafundisho, na maisha na maisha.

Katika uchungaji

Chukua mfano wa mama anayemjia padre akilia kwamba binti yake amechumbiwa na kijana Mwislamu. Padre anajua Kanuni ya 1086: pana kizuizi cha tofauti ya dini, na ruhusa inahitajika. Anajua pia ahadi za Kanuni ya 1125 juu ya imani ya binti na malezi ya watoto. Anajua kwamba sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa Mkristo, na kwamba watoto huhesabiwa kuwa Waislamu.

Hayo yote ni ya lazima, lakini hayatoshi. Bado hajajua kama familia ya kijana inatarajia binti asilimu, ni nani mwenye kauli katika ukoo huo, binti atakaa na nani Ramadhani na Krismasi, na mtoto akizaliwa ni nani atakayemchagulia jina. Hayo hayamo katika kitabu chochote. Yanapatikana kwa kwenda, kukaa mkekani, kunywa kahawa na kuuliza kwa adabu. Padre asiyeuliza huwaacha vijana wawili wakiahidi kitu ambacho koo zao hazijakubaliana, na machozi hayo huja baada ya harusi.

Mipaka ya elimu hii

Anthropolojia haiwezi kutuambia ukweli juu ya Mungu. Inaeleza watu wanavyoamini. Haituthibitishii kama wanachokiamini ni kweli. Sisi tunamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu, na Mwislamu anamheshimu kama Nabii Isa. Tofauti hiyo haifutwi kwa kahawa. Tena, jirani si kitu cha kuchunguzwa. Anayemtembelea ili kujaza daftari tu atatambuliwa upesi, na mlango utafungwa.

Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la *Nostra Aetate* la tarehe 28 Oktoba 1965, namba 3, umetuagiza kuwatazama Waislamu kwa heshima na kutafuta kuelewana nao kwa moyo wa kweli. Hatuwezi kumheshimu mtu tusiyetaka kumjua. Basi frateri aende na daftari lake, ila kwa miezi ya kwanza aache kurasa nyingi tupu. Na badala ya kuuliza yupi ni Mwislamu wa kweli, amwulize jirani: "Mzee wangu, jambo hili lina maana gani kwako?"

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni jambo gani la majirani zetu Waislamu tumekuwa tukilisema bila kuwauliza wenyewe?
2. Mgeni akikaa parokiani kwetu mwaka mzima, ataandika nini juu ya namna tunavyoiishi imani yetu?
3. Familia zenye ndoa za dini mbili katika Jumuiya yetu zinasindikizwa na nani baada ya harusi?