Kabla Shamba Halijauzwa, Uliza Bili Nzima

Msomaji wangu wa Kitengela, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mdogo wako hajalala usiku wa tano sasa, anajibizana na watu msiowaona, na chakula amekisusia akidai kimetiwa sumu. Mama anataka kuuza nusu ekari ya Makueni ili alazwe katika hospitali ya kibinafsi ya magonjwa ya akili hapa Nairobi. Mnunuzi keshapatikana (hawa hawakosekani, wananusa shida ya mtu kama fisi). Na kwa kuwa wewe ndiwe kifungua mimba, unatakiwa useme ndiyo au la. "Dada, kwani kulazwa huko ni pesa ngapi?"

Kabla ya pesa, mgonjwa. Mtu asiyelala, asiyekula na anayeamini anatafutwa auawe hangoji shamba liuzwe. Mpelekeni leo katika hospitali yoyote iliyo karibu yenye huduma ya dharura. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Akishatulia ndipo mkae mezani na kalamu.

Sasa nikupe yangu. Miaka kadhaa iliyopita mimi pia nilimlaza mdogo wangu, saa saba za usiku, sote macho mekundu. Nilitia saini karatasi tatu bila kusoma hata moja. Muuguzi alimvua mshipi, akachomoa kamba za viatu, akazitia pamoja na simu katika bahasha ya kaki na kuandika jina lake juu kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimejikaza usiku kucha, lakini zile kamba za viatu ziliniliza. Karani wa malipo alisubiri nimalize kulia, kisha akaniambia malipo ya awali ni shilingi 100,000. Kwenye M-Pesa nilikuwa na 62,000. Zilizosalia nilimwamsha binamu.

Nilimuuliza karani swali moja tu: kitanda ni ngapi kwa siku? Akasema 8,500. Nikapiga hesabu ya wiki mbili, nikapata 119,000, nikajiambia tutajikaza. Hapo ndipo nilipojidanganya.

Bili ya mwisho, baada ya siku 16, ilikuwa 267,600. Kitanda chenyewe kilichukua 136,000, nusu na kidogo tu. Daktari bingwa alitoza 4,000 kila alipompitia, naye alimpitia mara 12, zikawa 48,000. Mshauri nasaha alikaa naye mara nane kwa 3,500, jumla 28,000. Dawa 31,400, maabara 14,200. Halafu kulikuwa na 10,000 za mhudumu aliyekesha naye usiku wa siku nne za kwanza asije akajidhuru. Huyo alihitajika kweli, sibishi, lakini hakuna aliyenidokezea kwamba analipwa kando. Hospitali nyingine ina bei zake, ya juu au ya chini, na leo hata ile yangu huenda imepanda. Ila bili hizi hupangwa hivyohivyo, na unapotajiwa bei ya kitanda bado hujatajiwa bei ya kulazwa.

Kwa hivyo wewe uliza hivi: "Mgonjwa wa hali hii, kila kitu kikihesabiwa, hulipa ngapi kwa siku, na mnamkadiria siku ngapi?" Waombe wakuandikie. Uliza kama daktari yumo katika bei ya kitanda, kama mnaruhusiwa kununua dawa nje, na kama mtaweza kuona bili kila baada ya siku tatu. Karani akikunja uso, mwache aukunje. Na daktari umuulize lake: "Ni dalili gani ikiisha ndipo ataweza kuendelea na matibabu akiwa nyumbani?" Watu wengi hudhani mgonjwa hulazwa mpaka apone. Hulazwa mpaka hatari ipite, alale, ale, na dawa ianze kumshika. Kupona kwenyewe huendelea baada ya kutoka, kwa wiki na miezi.

Bima nayo. Mdogo wangu alikuwa na ya kazini, milioni moja ya kulazwa, nami nikaitembeza ile kadi kama ngao. Kumbe ndani ya hiyo milioni, magonjwa ya akili yalikuwa yametengewa 100,000 tu, kwa maandishi madogo ya ukurasa wa tisa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanakataza kampuni ya bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kwa hivyo mkikataliwa moja kwa moja msinyamaze, dai jibu la maandishi. Lakini kikomo kipo, kitafute kabla hakijakutafuta. Na kama mnachangia SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, uliza mambo mawili: je, hospitali hiyo ina mkataba nayo, na pengo litakalobaki ni kiasi gani? SHA hulipa kiwango chake kwa kila siku ya kitanda, na bei ya hospitali ya kibinafsi ni habari nyingine.

Najua mama atakachosema ukimtajia hospitali ya serikali. Hospitali ya Mathari hapa Nairobi imekuwepo tangu 1910, na kwa miaka mingi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la uani. Sitakuficha, wadi hujaa, na mgonjwa hapati faragha ya chumba chake. Lakini tofauti kubwa unayoinunua kwa kibinafsi ni utulivu, chakula kizuri na muda mrefu zaidi na daktari. Dawa kama haloperidol, ya huko na ya huku ni ileile. Madaktari bingwa wengi wanaoonekana kwenye kliniki za bei hapa Nairobi ndio haohao wanaohudumu au waliofunzwa katika hospitali za umma. Na Mathari si peke yake: Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, Mombasa kuna Port Reitz. Zipo familia zilizoanza kwa siku chache za kibinafsi, moto ukapoa, kisha zikaomba barua ya rufaa zikahamia ya umma. Hakuna aibu hapo.

Sasa sikiliza hapa, maana hili ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Mdogo wangu alitoka Ijumaa, amenawiri, anacheka. Tulikuwa tumekwangua kila senti kulipa ile bili, tukapewa dawa za wiki mbili. Zilipokwisha, nikaenda duka la dawa na cheti: 6,800 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nikakopa. Wa pili akanywa nusu nusu ili zifike. Wa tatu akasema anajisikia vizuri tu, nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Kabla mwezi haujaisha bahasha ya kaki ikatolewa tena.

Safari hiyo alilazwa hospitali ya umma, wiki tatu. Daktari kijana alitazama cheti cha zamani, akaandika dawa ileile kwa jina lake halisi badala ya jina la kampuni. 1,900 kwa mwezi. Nilikaa kwenye benchi nikajiuliza kwa nini sikuuliza swali hilo mapema. Anainywa mpaka leo.

Ndiyo maana nakuambia: chochote mlicho nacho, kabla hamjaamua siku za kulazwa, ondoeni kwanza pesa za dawa, kliniki na nauli za miezi sita. Kinachobaki ndicho cha kitanda. Mtu aliyeugua hivi kwa mara ya kwanza mara nyingi hushauriwa aendelee na dawa mwaka mmoja au zaidi, na nusu ekari ikiishia yote wadini, mtauza nini mwezi wa nne?

Mchango pia mtauhitaji, na hapo uongo una gharama. Sisi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tuliandika "upasuaji wa tumbo". Watu walichanga vizuri. Kisha mjomba akafunga safari kutoka Mwingi na ndizi zake, akataka kuonyeshwa kovu. Tangu siku hiyo hajachangia kitu. Semeni ni ugonjwa, yuko hospitali, bili ni hii. Anayetaka kunong'ona atanong'ona tu.

Bili ikiwashinda, nendeni kwa msimamizi mapema, mwandikiane mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kumzuilia mgonjwa aliyeruhusiwa kwa sababu ya deni si haki. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2015 katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya Pumwani. Deni linabaki kuwa deni, litalipwa, lakini hatimiliki ya shamba isiachwe kwenye droo ya karani.

Mwambie mama asitie saini yoyote kwa yule mnunuzi wiki hii. Mpeleke kijana hospitali, kisha piga simu hospitali mbili au tatu uulize swali nililokuandikia hapo juu. Ukiletewa kadirio, nitumie. Tutalisoma pamoja, mstari kwa mstari.