Monoamini na Seli Zinazotoa Insulini: Kwa Nini Kipimo cha Dharura si Hukumu

Utangulizi

Tuchukue mfano. Mkulima wa Kasanda, katika nyanda za juu za Kigoma, anaanguka na baiskeli iliyosheheni mihogo na kuvunjika paja. Anafikishwa kituo cha afya akitokwa na jasho, mapigo ya moyo yakienda mbio. Hajawahi kuambiwa ana kisukari, wala hakuwa na kiu kali au kukojoa mara kwa mara. Kipimo cha tone la damu kinaonyesha sukari ya milimoli 12 kwa lita.

Je, mtu huyu ana kisukari? Jibu la haraka laweza kumtwika ugonjwa wa maisha ambao huenda hana. Jibu la kupuuza laweza kuuacha ugonjwa halisi ukikua kimyakimya. Ili kujibu vyema, yatupasa kujua jinsi kemikali ziitwazo monoamini zinavyoliathiri kongosho.

Monoamini ni nini?

Monoamini ni kemikali ndogo ambazo mwili huzitengeneza kutokana na amino asidi. Tirosini ndiyo chanzo cha dopamini, noradrenalini na adrenalini. Triptofani ndiyo chanzo cha serotonini. Neva huzitumia kupashana habari. Aidha, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu wakati wa hofu, maumivu makali au kupoteza damu.

Insulini hutolewa na seli beta, zilizomo katika visiwa vya Langerhans ndani ya kongosho. Seli hizo zina vipokezi vinavyozitambua monoamini, na ndiyo sababu hofu na maumivu huweza kubadili kiasi cha sukari katika damu.

Adrenalini: zuio linalofanana

Seli beta ina vipokezi vya adrenalini vya aina mbili vinavyopingana. Vipokezi vya alfa-2 huzuia utoaji wa insulini, ilhali vipokezi vya beta huuchochea. Adrenalini huvigusa vyote, lakini kwa kawaida upande wa kuzuia ndio unaoshinda. Mwaka 1966, Daniel Porte na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba binadamu anapopewa adrenalini kwa njia ya mshipa, sukari hupanda huku insulini ikizuiwa kupanda inavyostahili. Zuio hilo limeonekana pia kwa panya na mbwa.

Wakati huohuo adrenalini huliamuru ini kuachilia sukari liliyoihifadhi. Mpango huu una hekima yake: kiumbe aliye hatarini huhitaji nishati ya papo hapo kwa ajili ya ubongo na misuli. Mwili wa mkulima wetu unafanya kazi hiyohiyo.

Serotonini: hapa wanyama hawafanani

Katika miaka ya 1960 watafiti waliikuta serotonini ndani ya seli beta za simbilisi, mnyama anayefugwa kwa nyama mashariki ya Kongo. Panya mdogo wa maabara, katika hali ya kawaida, huwa nayo kidogo sana. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba panya huyo anapobeba mimba, visiwa vyake hutengeneza serotonini kwa wingi, nayo huchochea seli beta kuongezeka ili kukidhi mahitaji ya ujauzito. Kwa hamsta, serotonini iliyowekwa kwenye vipande vya kongosho katika maabara ilipunguza utoaji wa insulini. Kwa binadamu, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba seli beta hutoa serotonini inayozituliza seli jirani za alfa, zile zinazotoa homoni ya kupandisha sukari, yaani glukagoni.

Hata njia za neva hutofautiana. Mwaka 2011 ilibainika kwamba katika visiwa vya panya neva huzifikia seli zenyewe kwa wingi, ilhali kwa binadamu neva za noradrenalini huelekea zaidi kwenye mishipa ya damu ya visiwa hivyo. Kwa hiyo, tusikiapo kwamba dawa fulani imeponya kisukari cha panya, tusikimbilie kuamini kwamba kongosho letu litaitika vivyo hivyo.

Mafunzo kwa mhudumu na mgonjwa

1. Sukari iliyopanda wakati wa jeraha, maambukizi au maumivu makali irekodiwe na kufuatiliwa, kisha ipimwe tena mgonjwa akipata nafuu. Bila dalili za kisukari, kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kipimo cha kufunga cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, huthibitisha kisukari.

2. Dalili za hatari zisisubiri kurudia vipimo. Kutapika, kupumua kwa kina na kwa haraka, kuchanganyikiwa, au kupungua uzito pamoja na kiu kali huhitaji matibabu au rufaa ya haraka.

3. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu husaidia, lakini huweza kupotosha kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu. Palipo na malaria nyingi, jambo hili likumbukwe.

4. Dawa zinazogusa monoamini zitajwe kwa mhudumu. Propranololi huweza kuficha mapigo ya haraka na mtetemo unaoashiria sukari kushuka. Jasho huweza kubaki kuwa dalili pekee. Fluoksetini, dawa ya sonona, huweza kubadili kiasi cha sukari. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tumrudie mkulima wetu. Atulizwe maumivu, atibiwe mfupa, sukari yake ifuatiliwe, naye aelezwe waziwazi kwamba kipimo cha leo ni ishara ya kufuatilia, si hukumu. Akirudi kupimwa amepona na sukari iko sawa, ataondolewa hofu. Ikiwa bado imepanda, ugonjwa utakuwa umegunduliwa mapema. Katika hali zote mbili, safari ya kurudi kituoni itakuwa na faida.

Maswali ya kujipima

1. Ni vipokezi gani vya seli beta ambavyo adrenalini huvitumia kuzuia insulini?
2. Serotonini ina kazi gani kwa panya mwenye mimba, na gani katika visiwa vya binadamu?
3. Kwa nini anayetumia propranololi afundishwe kuizingatia dalili ya jasho?