Kazi ya Ujenzi Ina Utamu Wake



Vijana wengi vijijini mwetu husema, "Ujenzi ni kazi ya mateso. Ni kubeba zege, kuchomwa na jua na kudai hela." Sisi nasi tulisema hivyo hivyo. Leo tunasema vingine. Katika somo hili tunaeleza kilichotubadilisha, na jinsi mtu anavyoweza kupata katika ujenzi kazi inayomfaa na kumfurahisha.

GHALA LILILOLALA UPANDE

Sisi ni watu 12 tuliomaliza darasa la kisomo pamoja. Tuliamua kujenga ghala la mahindi, urefu mita 8 na upana mita 6. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe. Saruji tulinunua kwa fedha za mahindi yetu.

Tuligawana kazi bila kuulizana. Wanaume wenye nguvu walijenga. Akina mama waliteka maji. Vijana walibeba matofali. Haikupita wiki, wengine wakaanza kutega. Kijana mmoja alisema, "Mimi nimechoka kuwa punda. Naenda zangu mjini." Mzee wetu wa kikundi akamjibu, "Mchagua jembe si mkulima." Kijana akanyamaza, lakini moyo wake haukuwa pale.

Kona za msingi tulipima kwa macho. Kuta zilipofika kozi ya nne, mwashi mmoja mzee wa kijiji cha jirani alipita njiani.

"Shikamoo mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hongereni kwa kazi. Hivi, mmepima kona kwa kona?"

Tulitazamana. Mzee akatoa futi kamba katika mfuko wake. Mama mmoja aliweka ndoo yake chini, akashika ncha, akasoma namba kwa sauti. Kona ya kwanza hadi ya kukabiliana nayo: mita 9 na sentimita 70. Kona zile nyingine mbili: mita 10 na sentimita 30.

"Basi ghala lenu limelala upande," mzee alisema. "Lingekaa sawa, vipimo hivi viwili vingelingana. Kila kimoja kingekuwa mita 10 kamili. Mkiezeka hivi, bati hazitakaa."

Roho zilituuma. Tulibomoa kuta tatu, tukachimba msingi upya. Ukuta mmoja tu ndio uliobaki. Mifuko 3 ya saruji, yaani kilo 150, ilipotea bure. Kumbe namba tulizojifunza darasani tulikuwa tumeziacha darasani!

SIRI YA 3, 4 NA 5

Yule mwashi alitufundisha kupiga kona. Nanyi jaribuni hata leo uani kwenu:

1. Pigilia kigingi mahali pa kona.
2. Kutoka kigingi hicho, vuta kamba ya upande wa kwanza. Pima mita 3, weka alama.
3. Kutoka kigingi hicho hicho, vuta kamba ya upande wa pili. Pima mita 4, weka alama.
4. Pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa mita 5 kamili, kona yako ni sawa. Ikizidi 5, kona imefunguka. Sogeza kamba ya pili ndani. Ikipungua, kona imebana. Sogeza kamba nje.
5. Ukimaliza kona zote nne, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vilingane.

Mama aliyesoma namba alirudia kazi hii mara tatu siku ile, bila kuambiwa. Jioni alisema, "Jamani, leo sikuona jua likizama." Tangu hapo yeye ndiye mpimaji wetu. Jua ni lile lile na vumbi ni lile lile. Ila sasa anajua sababu ya kila anachofanya, na watu wanamtegemea.

KILA MTU NA MKONO WAKE

Tulikaa chini ya mwembe tukapanga kazi upya. Safari hii kila mmoja aliulizwa, "Wewe unapenda nini?"

Mmoja wetu huogopa kupanda jukwaa. Zamani tulimcheka. Lakini hakuna anayemfikia kwa kufyatua matofali na kupanga tanuri. Mwingine ni mpole, hana haraka. Huyo alipewa lipu, na ukuta wake ukatoka laini kama mtungi.

Na yule kijana wa kwenda mjini? Seremala alipokuja kutengeneza kenchi, kijana alishika mbao, akauliza maswali mpaka seremala akacheka. Leo anajifunza useremala kwa seremala huyo. Mzee wetu naye alikiri mbele ya wote: "Ni kweli mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe lisilomtosha mtu humtoa malengelenge."

Basi ndugu msomaji, jiulize:

Unapenda kupima na kunyoosha? Jaribu uashi. Unapenda mbao? Jaribu useremala. Una mkono wa taratibu? Jaribu lipu au rangi. Unapenda kutafuta kosa lililojificha? Jaribu bomba au umeme. Lakini umeme usijaribu peke yako. Jifunze kwa fundi anayeujua, maana kosa lake huua.

USIBAKI SAIDIA FUNDI

Kuanza kwa kubeba zege si aibu. Mafundi wengi walianza hivyo. Aibu ni kubeba miaka mitano bila kujua ndani ya zege mna nini. Fanya hivi:

Kwanza, uliza na uandike. Weka daftari. Kwa mfano, udongo wa kujengea ukuta: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 6. Lipu: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 4. Zege jipya limwagiwe maji kwa siku 7 au zaidi, lisikauke upesi na kupasuka. Udongo wa saruji ukianza kuganda, usiuongezee maji ili kuufufua. Hauna nguvu tena.

Pili, nunua kifaa kimoja kimoja: mwiko, timazi, pima maji, futi. Mtu mwenye mwiko wake hupewa nafasi ya kujaribu.

Tatu, linda mwili. Saruji mbichi huunguza ngozi. Vaa mabuti, na nawa kila mara. Kagua jukwaa kabla ya kupanda. Kazi haina raha kwa mtu aliyevunjika mguu.

Nne, andikianeni kabla ya kuanza. Andikeni ni kazi gani, bei gani, na malipo yatatolewa lini. Wote wawili mtie sahihi. Hii ndiyo dawa ya kudai hela mwaka mzima.

Tano, tafuta cheti. Tanzania inayo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mbali na kufundisha vyuoni, VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani na kuwapa vyeti wanaofaulu. Kwa hiyo ujuzi ulioupata kwa kushika mwiko haupotei. Ulizia katika chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

MWISHO

Ghala letu limesimama. Tulipoezeka, bati zilikaa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na tulipiga vigelegele. Hatusemi kwamba ujenzi ni kazi nyepesi. Mgongo bado unauma jioni. Ila mtu akijua anachofanya, na akiwa mahali panapomfaa, kesho yake anaamka mwenyewe bila kuitwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kikundi kilibomoa kuta tatu?
2. Kona yako ina mita 3 na mita 4. Alama hadi alama umepata mita 5 na sentimita 10. Utasogeza kamba wapi?
3. Ndoo 2 za saruji za kupigia lipu zinataka ndoo ngapi za mchanga?
4. Katika kikundi chenu, je, kila mtu aliulizwa kazi anayoipenda? Mkiulizana leo, mtabadilisha nini?