Chanjo ya Kichaa cha Mbwa, Panya wa Maabara na Sheria

Mtu akiumwa na mbwa asiye na mwenyewe, awe Kilosa mjini au Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, huoshwa jeraha kwa maji tiririka na sabuni, kisha huchomwa chanjo. Kwa miaka mingi nguvu ya chanjo hiyo imepimwa kwa panya: baadhi huchanjwa, wengine hawachanjwi, kisha wote hudungwa virusi hai kwenye ubongo na waliokufa wakahesabiwa. Toleo moja hula panya zaidi ya mia na takriban wiki nne, na majibu hutofautiana mno kutoka maabara moja hadi nyingine. Sasa ipo njia ya kupima moja kwa moja, ndani ya chanjo yenyewe, ile protini ya kirusi inayoamsha kinga. Ni ya haraka na majibu yake hayayumbi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuwapunguza panya ni huruma ya matajiri tu amesahau kwamba mgonjwa wa Kilosa naye anangoja toleo hilo liruhusiwe.

Hoja yetu ni kwamba sheria itamke wazi: penye njia iliyothibitishwa isiyotumia mnyama, itumike hiyo. Tanzania tayari ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwingine wamekwishasogea. Sheria ya Marekani ya 1938, iliyotungwa baada ya dawa ya maji ya sulfanilamide kuua watu zaidi ya 100, ilikuja kudai majaribio ya wanyama kabla dawa haijajaribiwa kwa binadamu. Desemba 2022 sharti hilo liliondolewa, ingawa kutumia wanyama hakukupigwa marufuku. Ulaya nayo, Juni 2024, ilipitisha kukifuta kipimo cha sungura kilichokuwa kikitafuta vichafuzi vya kuleta homa katika dawa za sindano.

Wapo watakaouliza kama kuacha majaribio ya wanyama maana yake ni sisi kugeuzwa panya. Swali ni la haki, hasa kwa Waafrika. Lakini ulinzi tunaoupata kwa kumjaribu mnyama kwanza si mkubwa kama unavyosifiwa. Mwaka 2006 jijini London, vijana sita walidungwa dawa ya TGN1412, iliyokuwa imepita salama kwa nyani kwa dozi kubwa mara 500. Wote sita waliishia chumba cha uangalizi mahututi. Seli za kinga za nyani hao hazikuitikia kama za binadamu. Baadaye seli za binadamu zilizopimwa maabara kwa njia inayofaa zilionyesha hatari ile.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka mashambani. Dawa ya sumu ya nyoka, anayoitegemea mkata miwa wa bonde la Ruembe, hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu, na uwezo wake bado unapimwa kwa panya. Vipimo vya maabara vinavyoweza kuchukua nafasi hiyo vipo njiani tu, na sumu ya swila haifanyi kazi kama ya kifutu. Kuwaondoa panya hapo leo ni kumtoa mtu kafara. Sheria iruhusu watumike, kwa kibali, kwa idadi ndogo inayotosha na kwa ganzi inapowezekana, na kibali hicho kiwe na tarehe ya kwisha ili msimamizi alazimike kuuliza tena kama njia mbadala imepatikana.